Matofali ya Wake wa Pili

Kalemie, Jumapili, mvua za kwanza za Oktoba

Swali ambalo limenisumbua kwa miaka ni hili: kanisa ni la nani, la yule aliyelijenga au la yule anayeruhusiwa kupokea komunyo ndani yake? Nimekuwa nalo tangu nilipokuwa mwanafunzi, nikikaa kwenye ngazi za parokia kungoja umeme urudi chuoni. Leo, baada ya mkutano wa kamati ya yubile ya parokia, nimerudi nalo nyumbani likiwa zito kuliko lilivyokuwa asubuhi.

Mvua ilianza wakati wa mahubiri. Mabati yalipiga kelele hata Padiri akanyamaza, akakaa, akangoja. Hicho ndicho kipande cha misa nilichokipenda.

Ninaandika nikiwa na dharau. Nalisema mapema ili baadaye nisijidanganye kwamba ilikuwa huzuni.

Parokia yetu na chuo kikuu vinatenganishwa na ukuta mmoja. Chuo kilipoanza, masomo yalitolewa katika ukumbi wa parokia, na tangu hapo sisi wa chuo tumejifanya wenyeji. Benchi za mbele ni zetu. Siku za sikukuu maprofesa huingia na majoho yao, wakikohoa kwa heshima, na akina mama waliofagia sakafu tangu alfajiri husogea bila kuambiwa. Kwa hiyo kamati ilipotaka historia ya parokia isomwe siku ya yubile, mbele ya askofu, haikuwauliza wazee. Iliuliza chuo, na chuo kikanitoa mimi, asistanti, yaani mwalimu msaidizi, wa historia, kwa sababu naishi karibu na kwa sababu asistanti hakatai.

Mwenyekiti wa kamati ni Papa Prosper, anayefundisha utawala chuoni na kutembea kana kwamba yeye mwenyewe ndiye utawala. Historia alikuwa nayo tayari kichwani. Alihitaji tu mtu wa kuiandika. Mapadri wa kizungu walikuja kwa mtumbwi kutoka misheni ya Mpala, wakakiona kilima, wakapiga magoti, na kanisa likasimama. Nilimuuliza ni nani aliyebeba matofali. Akanitazama kama niliyeuliza ni nani aliyechemsha chai.

Nikawauliza wazee mimi mwenyewe. Jambo moja wanakubaliana wote, hata wale wasiosalimiana: enzi zile aliyetaka ubatizo alibeba matofali. Tanuru lilikuwa chini, upande wa mto Lukuga. Siku za kazi mkatekumeni alijifunza sala, Jumamosi alibeba. Katekista alisimama chini ya kilima, na tofali lililovunjika njiani halikukubaliwa; ulirudi kuchukua lingine. Ulitua mzigo wako kwenye lundo hapo chini ukaenda zako. Mafundi ndio walioshuka kuyachukua.

Wake wa pili walibeba pia. Nimeambiwa walibeba kuliko wengine, kwa kuwa walikuwa na mengi zaidi ya kuomba. Walitumaini kwamba Mungu, akiona shingo zao, angewapokea pamoja na ndoa zao. Kanisa lilipoezekwa waliitwa wakaambiwa wachague: mume au maji ya ubatizo. Wengi walikuwa na watoto. Walibaki na waume, wakapewa benchi ya nyuma, karibu na mlango wa kushoto, na desturi ambayo sijaiona penginepo: komunyo inapoanza, wanatoka nje, wanasimama chini ya upenu hadi wimbo uishe, kisha wanarudi.

Leo amebaki mmoja. Ni Mama Yustina, jirani yangu, mzaliwa wa upande wa Mpala, aliyeolewa na mvuvi kutoka pwani ya kaskazini aliyekuwa na mke tayari. Mvuvi amekufa. Mke wa kwanza amekufa, na ni Mama Yustina aliyemuuguza. Hakuna tena kinachomzuia kubatizwa, na Padiri amekwisha kumwambia mara nyingi kwamba atakuja hata leo, hata nyumbani. Miguu yake imevimba, Jumapili hubebwa kanisani kwenye kiti, na pumzi inamwishia akiongea. Anaamini ubatizo kuliko ninavyouamini mimi. Na anakataa.

"Sitaomba mara ya pili," aliniambia. "Nilishaombaka na hii kichwa. Walituambia, bwana ao batizo, chagula moja. Mimi nikauliza mu roho: na matofali, munaturudishia?"

Sharti lake ni moja. Siku ya yubile isemwe mbele ya watu, kanisani, kwamba wale wa benchi ya nyuma walibeba. Ikisemwa, atamwita Padiri. Isiposemwa, atakufa jinsi alivyo, na atazikwa bila misa.

Niliandika paragrafu moja. Moja tu, katika kurasa nyingi za mapadri na magoti yao.

Leo baada ya misa tulikaa kwenye chumba cha nyuma ya sakristia, maji yakidondoka katikati ya meza, kila mtu akijifanya hayaoni.

"Mama Asistanti," akaanza Papa Prosper, "maandiko yako ni mazuri sana. Ila hii paragrafu ya wake wa pili, tuitoe tu polepole."

Nikauliza kwa nini.

"Ni feti, mama, ni sikukuu. Askofu atakuwa pale mbele. Tumwambie kanisa yake ilijengwa na… na wale?"

"Na wale nani, Papa? Sema tu," akadakia Mama Odile, mkuu wa akina mama wa parokia, na kwa kitambo kidogo nilidhani nimepata msaidizi. "Bibi zetu, si ndiyo? Mimi bibi yangu alikuwa mke wa kwanza, Mungu ni mwema. Lakini mutoe. Parokia zingine zitatucheka mwaka muzima."

"Tena preve iko wapi?" akasema Papa Prosper, akiinua kidole kama darasani. "Historia bila preve njo masolo, maneno ya sokoni."

Nikamwuliza ushahidi wa wale mapadri waliopiga magoti uko wapi.

"Ile kila muntu anajua."

Niliandika jibu hilo pembeni ya karatasi yangu ili nisilisahau. Ndivyo mtu aliyesoma anavyosema anapotaka kusadikiwa bure.

Padiri wetu ni kijana wa Nyunzu, mpole, na upole wake ni wa mtu asiyetaka kugombana hata na kwaya. "Tuandike 'waamini wote'," alisema. "Hapo kila muntu atajiona ndani." Nilimwambia kwamba wanawake hao hawakuitwa waamini, na kwamba hilo ndilo jambo lenyewe. Aliitikia kwa kichwa, kwa huruma ya kweli, kisha akapiga kura pamoja na wenzake. Paragrafu imetolewa. Nimeambiwa nikikataa kusoma bila paragrafu hiyo, yuko mwanafunzi wa sheria mwenye sauti nzuri.

Ningeweza kuishia hapa, na dharau yangu ingelala imeshiba.

Lakini nilipokuwa nikitoka, Papa Leonard alinishika mkono mlangoni. Ni mzee, mtoto wa katekista yule yule aliyesimama chini ya kilima, na kwenye kamati huwa haongei. "Mwanangu," alisema akifungua mwavuli wake, "hata wewe unakosea. Matofali ya wale wake hayakuingiaka kanisani. Baba alikuwa anayaweka pembeni, lundo yake mbali. Njo walijengea banda ya nguruwe ya mapadiri."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayekuonyesha njia ya kisima.

Na mimi nilifurahi. Lazima niliandike jinsi lilivyokuwa: kabla ya aibu, kabla ya kumfikiria Mama Yustina, nilifurahi. Banda la nguruwe! Hadithi ilikuwa imekamilika. Ilikuwa mbaya kiasi nilichotaka iwe. Nilivuka ua wa chuo chini ya mvua nikitunga sentensi, nikiona sura ya Papa Prosper itakavyokunjamana mbele ya askofu.

Ni furaha hiyo iliyonifanya nisimame. Papa Prosper anaamini magoti kwa sababu magoti yanampendeza. Je, mimi naliamini banda kwa sababu gani? Papa Leonard alikuwa mtoto mdogo. Anamkumbuka baba yake, na huenda anamkumbuka jinsi baba huyo alivyopenda kukumbukwa: mlinzi mkali wa nyumba ya Mungu, ambaye hakuruhusu tofali lenye doa. Banda lilibomolewa zamani. Mahali pake sasa pana kantini ya wanafunzi.

Nilikwenda kwa Mama Yustina bila kubadili nguo. Nilikuwa nimeamua njiani kumwambia kura tu na kuficha banda. Mtu anayepumua kwa shida hahitaji nguruwe.

"Watasoma?" aliuliza kabla sijakaa.

Nikamwambia hapana. Alitazama dari. Kisha akaniuliza nimenunia nini kingine, maana kura peke yake isingenitembeza kwenye mvua bila mwavuli. Nikamwambia yote.

Alicheka, akacheka hadi kikohozi kikamkunja na ikabidi nimshike mgongo.

"Nguruwe!" alisema pumzi ilipomrudia. "Basi zilikaa pazuri, zile nguruwe. Matofali yangu hakuna lililovunjikaka." Akajifuta macho. "Na wewe unanuna nini? Andika vile."

"Mama, sina hakika kama ni kweli."

"Wale wa magoti wako na hakika?"

"Hawana."

"Sasa?"

Nilimwuliza kama yeye alipata kuona matofali yake yakipelekwa wapi. Alifikiri kwa uaminifu, niliona anavyojitahidi. Alisema kwamba siku zote alisimulia kuwa yako nyuma ya altare, kwa sababu ndipo angependa yawe, lakini hakuona. Walizuiwa kupanda kilima hadi paa lilipowekwa.

Nikamwuliza kuhusu ubatizo. Nilimsihi, kwa kweli. Nilimwambia kamati haistahili kupewa nguvu ya kumnyima kitu anachokitaka. Nilimwambia Padiri angekuja jioni hii hii.

"Ule nao ungoje kidogo," alisema. "Mimi niliungoja."

Sijui kama huo ni utakatifu au kiburi, na sijui kama mimi, niliyemwonyesha kwamba historia ni kitu cha kudai, sikumfundisha kiburi hicho. Ninaidharau kamati. Ninawadharau wasomi wenzangu, wanaoomba ushahidi kwa maskini na kuwasamehe wakubwa. Lakini roho iliyowekwa rehani katika ugomvi huu si yangu. Ni ya mwanamke mmoja mwenye miguu iliyovimba, na mimi nitaendelea kula na kufundisha hata tukishindwa.

Mahali matofali yalipo, sitajua. Waliobeba walizuiwa kufika juu. Waliofika juu hawakuona sababu ya kusimulia. Kuta zimepigwa plasta na tanuru lilikuwa moja. Hata tukibandua, tofali la mke wa pili halina sura yake. Na sababu ya mwisho ni mimi: kila ninapopima maneno ya Papa Leonard, naona mkono wangu ukiegemea mizani.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa Padiri, peke yake, bila kamati. Sitampelekea nguruwe, wala altare. Nitamwomba jambo moja, ambalo halihitaji kura: Jumapili ijayo, komunyo ikianza na Mama Yustina akibebwa nje kwenye kiti chake, Padiri ashuke, atoke, asimame naye chini ya upenu, aseme kwa sauti ya kusikika ndani, "Mama, ulibeba." Matofali yalikowekwa, asiseme. Hajui. Mimi pia sijui.

Nadhani ataniuliza kama mwenyekiti ameridhia.