Nusu Niliyosahau Kuongeza

Mdogo wangu Mwanahawa,

Nimekuficha jambo tangu ukiwa msichana hadi siku tuliyokuzika Fukayosi. Sasa mimi mwenyewe siendi msalani bila kushikwa mkono, na sitaki kukutana nawe nikiwa bado nalo.

Unakumbuka tulivyopima zaka ya fitri pale nyumbani Bagamoyo? Mimi nilishika kibaba, wewe ulishika gunia. Mchele ulipoisha, kibaba cha mwisho hakikujaa, nikataka kukirudisha. Ukanichapa mkononi. "Kaka bahili wee! Kilichovuka nusu ni kizima. Kijaze kwa mchele wetu, bibi wa watu anangoja." Mama alicheka hadi akakaa chini.

Mwaka ulipofanya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu, mimi nilikuwa Dar es Salaam, katika ofisi yenye kompyuta iliyojaza chumba kizima, nikiiandikia programu kwa kadi za matundu. Kazi yangu ilikuwa kupata wastani wa masomo matatu na kuuandika kuwa namba kamili. Mashine ile, ukiipa arobaini na tisa na sehemu, huitupa sehemu hata kama imebaki kidogo tu kufika hamsini. Dawa yake ni kuongeza nusu kwanza, ndipo ikate. Kanuni ya mtihani ilitaka hivyo, na alama ya kufaulu ilikuwa hamsini. Hiyo nusu niliisahau.

Niligundua orodha zikiwa bado mezani kwangu. Lakini mkubwa wangu alikuwa ameshanisifu mbele ya wageni: "Kijana wetu huyu hakosei." Nikanyamaza. Msimu uliofuata nilibadilisha kadi moja, nusu ikaingia, basi.

Nilipokuja nyumbani ulikuwa unakuna nazi. Nikakwambia, "Hukusoma vya kutosha." Hukulia. Ulisema, "Haya, kaka. Akili yangu imeishia hapo," ukaendelea kukuna. Ukaolewa Fukayosi, ukalima mihogo, na kila mtoto wako aliposhindwa hesabu ulimwambia kakurithi wewe. Mimi nilikuwa papo hapo mkekani, nasikia, nakunywa chai yako.

Pumzika, mdogo wangu, wala usinisamehe kwa haraka. Alama zako zilikuwa mia moja arobaini na tisa. Zigawanye kwa tatu, uone kilichovuka nusu. Jina lako nililifuata kwa kidole, kabla orodha haijabandikwa ukutani. Ulifaulu.

Kakako