Laini ya Kwaya Imeninyima Friji

Mama Nice upo hewani? Benki wamenikataa.

Ule mkopo wa friji la kuwekea maziwa. Yule binti wa mikopo kaangalia kompyuta yake akasema, "Mama, alama zako za mikopo ziko chini sana, mfumo umekukataa." Alama zangu! Mimi ambaye sijawahi kukopa hata kiberiti!

Nikamwambia angalia tena. Akaangalia. "Ulikopa kwenye simu mama, hujalipa." Akanisomea namba.

Mama Nice, ni laini ya kwaya!

Si unakumbuka alitafutwa mtu mwaminifu wa kusajili laini ya michango kwa jina lake? Mkanipigia makofi pale kanisani, nikaweka kidole. Simu ikabaki kwa Frederick mweka hazina. Kumbe anaikopea, na deni linasoma jina langu.

Nikamwambia binti, si mimi, ni Frederick. Akasema kwa upole, "Mama, kidole ni chako."

Kidole ni changu kweli.

Nikatoka nje nikampigia Frederick. Hakukana. Alilia, gereji ya kule mtaa wa Sakina imemwachisha kazi, hana kitu. "Nisamehe mama, naomba tuombe." Akaanza kuomba hapo hapo.

Maziwa ya jana yamechacha tena, wateja wanahamia kwa jirani. Na mimi nikabaki nimesimama mlangoni mwa benki, nimefumba macho, namwitikia Frederick amina.