Batri za Gari Haziuzwi, Kaka

Kashebere, Walikale
Tarehe 12 mwezi wa tisa 2021

Mupendwa kaka Zéphyrin,

Yesu Kristo asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta muzima pale Kampala, wewe na mama Brigitte na watoto. Mugongo wako ungali unakuuma? Mama Brigitte amepona ile malaria? Huku tuko muzima, Mungu anatuchunga. Mihogo imekomaa, barabara ya Masisi imeharibika tena, na mume wangu Léopold ameacha kukohoa.

Salamu zimetosha. Sasa usikie hasira yangu, juu simu umenikatia mara tatu, na karatasi haikatwi.

Nani alikuambia uuze batri za gari yetu? Nimesikia sokoni, kwa midomo ya watu, mimi muzalishaji wa wamama wa hapa, mimi ninayelala na ufunguo wa ile gari shingoni! Eti kaka yangu amekubaliana na Papa Akilimali wa Sake, mwenye nyumba ya kuchaji simu, na lori yake ya Fuso itakuja kuzichukua tarehe mbili mwezi ujao. Batri zote sita! Gari ibaki ya nini, kuku watagie ndani? Aibu gani hii, kaka?

Mbele ya kunikatia ulisema: "Gari ya umeme ikienda polepole, batri zimekufa, mambo imekwisha." Ulipima na nini? Na sikio? Mimi nikiitwa kwa mama mwenye uchungu, sikai nyumbani na kusema mutoto amelala vibaya. Naenda, nanawa mikono, namugusa tumbo. Wewe umezika mugonjwa bila kumupima.

Ni kweli, gari iliharibika. Tangu mwezi wa saba, ukikanyaga pedale inashtuka mara moja, halafu inaenda kama watu wanaosindikiza maiti, hata ukanyage mpaka chini. Watoto wa shule wanaipita kwa miguu na wanatucheka.

Basi nilimuita Noël, fundi anayefunga panneau za umeme wa jua hapa. Tuliihangaikia siku mbili. Kwanza batri: alizipima moja moja gari ikiwa imesimama, halafu akazipima tena mimi nikikanyaga pedale na wanaume wanne wameishika kwa nyuma. Hakuna hata moja iliyoanguka. Batri zako ziko na nguvu kunishinda mimi! Tukasikiliza chini ya kiti: ukikanyaga, ile swichi kubwa inalia "ta!" vizuri. Tukapima nyaya za pedale: ukikanyaga kidogo umeme unapanda kidogo, ukikanyaga sana unapanda sana. Nazo hazina kosa.

Ikabaki nyuma ya moteri. Pale kuna kapteri, kile kidude kinachohesabu namna moteri inazunguka, ili gari ijue mwendo wake. Ndani yake kuna sumaku ya mviringo, ndogo kama kifuniko cha chupa. Noël alipofungua, ilimuangukia mukononi vipande vipande. Gari haijui tena mwendo wake, njo maana inaogopa kukimbia. Kakitu kadogo hivyo, kaka, na wewe unauza batri sita.

Na nani aliivunja? Shemeji yangu Guylain, shofere wetu. Siku ile nilitaka kula muntu. Unajua alikuwa motari, wa kubeba watu na pikipiki, miaka minane, na motari wa huku wakifika juu ya mulima wanazima moteri, wanatelemuka bure, juu ya kuchunga esansi, mafuta ya pikipiki. Akaleta ujanja huo kwenye gari yako! Kuna kaswichi chini ya kiti, ka kuachilia moteri wakati gari inavutwa na kamba. Kila safari, juu ya ule mutelemuko wa mto, anashuka, anakageuza, anapanda tena, na gari inashuka mbio peke yake. "Shemeji, nachunga umeme." Moteri ilizungushwa kupita kipimo chake mpaka sumaku ikapasuka. Na kumbe, ukiacha ufunguo umefunguliwa, gari ile kwenye mutelemuko inajizuia yenyewe na kurudishia batri umeme kidogo. Sasa alikuwa anachunga nini? Mupumbavu!

Na mupumbavu wa pili ni mimi. Siku ya Pentekoste, pale nje ya kanisa, nilimusifu mbele ya watu wote, eti Guylain anarudisha batri zimejaa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ameomba musamaha, na kale kaswichi Noël amekafunga na waya.

Hasira yangu juu ya Guylain imeshuka. Ile juu yako ingali inapanda.

Umesahau gari hii ilikuja juu ya nini? Falone, mutoto wa marehemu dada yetu Sophie, alibebwa kwa tipoyi, kiti cha miti kwenye mabega ya wanaume wanne, mvua inanyesha, kilometa saba mpaka maternite, nyumba ya kuzalishia. Mutoto wake alikufa mbele ya kufika darajani. Ulilia kwa simu mpaka mimi njo nikakunyamazisha. Uliapa haitatokea tena. Ukanunua gari kuukuu ya ule uwanja wa golf unakofanya kazi, ukaituma, na watu wa hapa walicheza siku ilipofika. Wanawake kumi na tisa wamefika maternite ndani yake, na wote wamerudi na watoto wazima.

Kaka, Falone ana mimba tena. Atazaa mwisho wa mwezi wa kumi. Sikukuambia, juu huku mwanamuke aliyepoteza mutoto, mimba yake haitangazwi mpaka tumbo lenyewe liongee. Sasa limeongea.

Nimeweka vipande vya sumaku ndani ya bahasha hii. Papa Mbusa, mufanyabiashara anayekuletea barua, atakaa Kampala siku nne kununua bidhaa. Ingia kwenye garaji ya kazini kwako, uombe sumaku ya namna hiyo pamoja na kapteri yake, umupe mukononi. Halafu umupigie Papa Akilimali, umuambie neno lenu limekufa. Ukimuacha aje, atanikuta nimekaa juu ya batri, na mimi si mwepesi kubeba.

Umusalimie sana mama Brigitte na watoto. Léopold anakusalimia, na Noël, na Guylain pia, lakini kwa haya. Mungu akuchunge njiani na kazini, na akupe moyo wa kusikia.

Falone amepita sasa hivi, amenikuta naandika. Habari ya Fuso haijui. Ameuliza barua inaenda kwa nani, nikamuambia kwa mujomba wako. Akasema: "Mama mudogo, umuambie aksanti kwa gari."

Nimekuambia.

Dada yako, anayekupenda na kukukasirikia,
Consolée