Masaa Mengi ya Kasongo

Guangzhou

Yaya Feza,

Habari ya nyumba? Mgongo wa mama unaendeleaje? Mapacha wako wameanza kutembea, au bado wanabebwa kama mawaziri? Mimi ni mzima. Barua hii nampa mama mmoja wa Kamalondo anayerudi huko Lubumbashi na mizigo yake, kwa sababu simu yenu mnaisikiliza nyumba nzima, na haya si ya masikio ya mama.

Baba amekwisha kufika huko, jicho lake umeliona. Ambacho hakukuambia ni habari ya kaka yetu Kasongo, yule bwana mkubwa wa Bangkok anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba.

Unamjua baba. Miaka yote aliyoendesha treni ya Sakania, nani alithubutu kutamka "mbali" mbele yake? "Hakuna mbali, iko masaa tu." Basi daktari wa hapa alituambia wazi kwamba jicho lile moja lililobaki laweza kuzimika kabisa kwenye upasuaji. Baba hakulia. Aliomba kitu kimoja tu, amwone mtoto wake wa kwanza kabla ya kisu. Nikampigia Kasongo, nikampa baba simu.

"Papa, kutoka Bangkok kuya Guangzhou iko mbali sana."

"Masaa ngapi?"

"Masaa mingi, papa. Mingi."

Yaya, ni chini ya masaa matatu! Ni kama kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa. Mtu anakunywa chai kule, chakula cha mchana anakula huku. Kasongo anakaa zaidi ya hapo kwa kinyozi. Mwanaume mzima mwenye ndevu, anamdanganya dereva wa treni kuhusu masaa! Nilimdharau palepale na bado namdharau. Hata kumkasirikia sitaki, hasira nawawekea watu wenye maana. Baba sikumwambia kitu. Aliingia kwa daktari ameshika mkono wangu, na siku hiyohiyo Kasongo akatuma picha yake, tumbo wazi, kando ya bwawa la kuogelea.

Mungu akasaidia, jicho likafunguka. Siku ya kuondoka, kwenye uwanja wa ndege, baba alisoma kila bango kwa sauti kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Alipofika kwenye ubao wa safari, akanyoosha kidole.

"Ile ndeke ya Bangkok inatoka sasa. Itafika saa ngapi?"

Nikamwambia, kwa saa ya huku. Akatoa mfukoni saa yake ya reli, akaiweka gotini. Ndege yake ya Addis ilikuwa bado sana. Hakula, mkate niliomnunulia ulikauka kwenye karatasi. Mshale ulipofika pale nilipomtajia, akairudisha saa mfukoni.

"Imeshafika," akasema. "Uandikie mama yako. Umwambie Kasongo iko mbali."

Basi mwambie mama hivyo, usiongeze neno. Nisalimie shemeji, aache kidogo cherehani yake asikie kwamba namtaja, na shangazi yetu wa Kinsevere aliyetuombea. Kasongo akiwapigia, msalimieni pia, lakini msimwulize habari za safari, asije akachoka.

Mimi mdogo wako Mwadi, masaa ishirini na mawili kutoka mlangoni kwenu, nikihesabu na kungojea ndege pale Addis.