Gurudumu Lililobaki Karatu

Kaka Paulo,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinilea hivyo, si kwa sababu nimekusamehe. Hamjambo hapo nyumbani? Mguu wa mama unaendeleaje? Mvua zimeanza, au mnatazama tu mawingu yakipita kwenda Ngorongoro? Mimi huku Ubelgiji ni mzima wa mwili. Roho ndiyo inayochemka, na aliyewasha moto ni wewe.

Visa ilipotoka ghafla, baiskeli yangu ikiwa bado kwa fundi, nilikuachia kazi moja tu: uifunge kwenye boksi, umpelekee Sista Agnesi wa parokiani uwanja wa ndege aje nayo. Nilikuonyesha pale pale kwa fundi, kwa mikono yangu. Toa pedali, geuza usukani, punguza upepo, gurudumu la mbele lifunge ubavuni mwa fremu. Ukaitikia "sawa, sawa" huku unachezea simu.

Sista alifika Jumamosi jioni. Majaribio ya timu ya baiskeli, yaliyonileta huku, yalikuwa Jumapili asubuhi. Nikafungua boksi, nikakuta maganda ya vitunguu na baiskeli ya gurudumu moja. Nikamwuliza Sista. Maskini, akawa anatazama viatu vyake.

"Mzani ulikataa, mwanangu. Boksi lilizidi uzito kwa vitunguu alivyokuwekea. Kaka yako akatoa gurudumu, akasema litafuata, eti mtu hawezi kula chuma."

"Na vitunguu viko wapi, Sista?"

"Watu wa forodha wamevitupa hapa uwanja wa ndege. Mazao mabichi hawaruhusu."

Kaka, yaani ulitoa gurudumu ukaacha vitunguu! Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini wewe naona ulinyoa.

Jumapili huku maduka yamefungwa, na kila mwenzangu alikuwa juu ya magurudumu yake mawili. Mimi niliyekuwa napanda kilima cha Rhotia kila alfajiri, nilisimama kando nimebeba fremu begani, nikiwatazama wanaondoka. Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka. Kocha amenipa nafasi nyingine baridi ikiisha, na ndiyo ya mwisho. Nikishindwa, narudi. Kwa sasa naosha baiskeli za waliopita, na maji ya huku yanauma vidole.

Ningesema ni uzembe tu, yakaisha. Lakini dada Theresia ameniambia gurudumu langu umelifunga kwenye toroli lako la kupelekea vitunguu mnadani. Hapo nikakumbuka ulichoniambia siku naondoka: "Nenda tu, utarudi kulima na sisi." Sasa nakuuliza mbele ya Mungu: ulikosea, au ulitaka nirudi?

Usinitumie kitu. Mzee mmoja mwenye duka la baiskeli ameniazima gurudumu, na hanijui hata kwa jina la ukoo. Msalimie mama, mwambie nakula vizuri. Dada Theresia mpe asante yangu, na shemeji, mkeo, mpe pole kwa kuishi na wewe.

Siku nikipita kwenye majaribio nitampigia mama, kisha dada. Wewe utasikia kwa majirani.

Mdogo wako, maana hilo halibadiliki,
Emanueli