Nimeipa Kompyuta Feni ya Mama Mkwe

Jumanne, tarehe 11 Machi. Asubuhi mawingu mazito, hewa imesimama, pazia halitikisiki.

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mume wangu anarudi kutoka safari ya kazi, na mama yake amesema akishamsalimia tu anafunga mizigo anaondoka, na sababu ya kufunga mizigo ni mimi, ingawa yeye hajajua kwamba ni mimi.

Nianze mwanzo, kwa sababu mimi ni mtu wa mpangilio, kila siku naandika daftarini tarehe, hali ya hewa na saa niliyolala. Kazi yangu ni kuhariri video za sherehe, nafanyia nyumbani, chumba kidogo cha nyuma, kwa kompyuta ya mezani niliyoitunza miaka minne. Video moja ilikuwa ikichukua saa nne na dakika kumi kukamilika, na wateja wa siku hizi wanataka video yao kabla bibi harusi hajavua shela, basi nikasoma kwenye simu kwamba prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inaweza kupandishwa kasi kupita ile iliyotoka nayo kiwandani, mradi tu uilinde na joto. Nilisoma wiki mbili nzima. Nikanunua kipoozeo kipya, bonge la bati lenye feni mbili, nikang'oa kile kidogo cha zamani, nikapaka ile dawa nyeupe inayokaa juu ya prosesa, kiasi cha punje ya mchele kama walivyoelekeza, nikakifunga kipya kwa bisibisi, nikapandisha kasi. Hiyo ilikuwa tarehe 20 Februari, asubuhi manyunyu.

Toka siku hiyo sijapata amani. Prosesa ambayo zamani haikupita nyuzi sitini na nane sasa inafika tisini na saba, na hata kama sijafungua kitu chochote inakaa sabini, nikaona hiyo ndiyo gharama ya kasi. Nimefungua ubavu wa kompyuta, nimeisogeza dirishani, nimeacha kupiga pasi chumba kile. Mwishowe nikaenda kuchukua feni.

Feni hiyo ni ya kusimama, ilikuwa chumba cha wageni, na aliyeinunua ni mama mkwe. Alituletea mwaka jana ikiwa kwenye boksi lake, akasema, "Hii nimewanunulia ninyi, lakini nikija ni yangu." Basi amekuja, tarehe 2 Machi. Nikamwambia feni imeharibika, iko kwa fundi.

"Feni ya mwaka mmoja?" akauliza.

"Vitu vya siku hizi havidumu, mama."

"Vyako vitaachaje kudumu, mwanangu, na kila kitu umekivisha nailoni?"

Ni kweli sipendi vitu vichakae. Makochi yana nailoni, rimoti iko kwenye mfuko wake, mlango wa friji bado una ile karatasi ya dukani, lakini hayo siyo niliyokuandikia. Nililokuandikia ni kwamba mama anakaa kwenye kochi lile joto lote hili, akiinuka kochi linalia kama linachanwa, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria, na mimi nimejifungia chumba cha nyuma na feni yake nimeielekeza kwenye prosesa, namba tatu.

Juzi alikuja akasimama nje ya mlango. "Mbona kama nasikia upepo humo?"

"Ni kompyuta, mama. Inapumua."

"Inapumua kunishinda mimi."

Jana akasema atapita kwa fundi mwenyewe. "Nielekeze tu anakaa wapi. Siku zote hizi feni moja, anaitengeneza au anailea?" Nikasema fundi amesafiri. Akasema basi na yeye atasafiri, Jumamosi, kwa sababu mgeni ukiachwa kwenye joto muda wote huu ujue wenyeji wamekuchoka. Aliyasema bila hasira, anakunja nguo zake taratibu, na hapo ndipo nilipokosa pa kuweka uso. Mshauri, huyu ndiye aliyekaa na mimi hospitali siku sita nilipofanyiwa upasuaji, na umeme ulipokatika alinipepea kwa gazeti mpaka mkono ukamfa ganzi.

Nikirudisha feni, prosesa itaungua na nina video tatu za watu. Nisiporudisha, mama anaondoka akiamini nimemchoka. Nikisema ukweli, atajua nimemdanganya siku tisa mfululizo. Naambatanisha vipimo vya joto vya siku ishirini. Nimekuchagua wewe kwa sababu mama husoma safu yako kila Ijumaa kwenye chai, kwa sauti, kuanzia kichwa cha habari mpaka nukta ya mwisho, na husema katika gazeti zima ni wewe tu mwenye akili.

Jana nililala saa saba na nusu usiku.

Mkaza Mwana Mwenye Feni

MSHAURI ANAJIBU

Mkaza Mwana Mwenye Feni ya Watu,

Barua yako imefika Jumatano, na mhariri amekubali iruke foleni. Pole kwa hofu uliyonayo. Pole zangu zinaishia hapo, maana aliyekuwa akitoka jasho si wewe.

Nimesoma vipimo vyako vyote, mistari mia moja na kumi na miwili, imenyooka kwa rula. Mimi si mtu wa kompyuta, kwa hiyo nilimpigia fundi anayehudumia ofisi yetu nikamsomea. Alinisikiliza mpaka nikafika kwenye zile nyuzi sabini za kompyuta isiyofanya kazi yoyote, akanikatiza: "Muulize kama alibandua nailoni."

Kumbe kipoozeo kipya huja na karatasi nyembamba ya nailoni upande wa chini, pale pale kinapogusa prosesa, na hubanduliwa kabla ya kufungwa. Ikibaki, joto halipiti hata uwashe feni kumi. Nikarudi kwenye barua yako. Bisibisi umeandika. Punje ya mchele umeandika. Manyunyu ya asubuhi umeandika. Kubandua hukuandika. Na mtu ambaye friji yake bado imevaa karatasi ya dukani, siwezi kumwekea dhamana.

Halafu lipo jambo ulilolipima mwenyewe usilione. Kabla ya kupandisha kasi, video ilichukua saa nne na dakika kumi. Tangu upandishe, inachukua saa nne na dakika hamsini! Fundi anasema prosesa ikizidiwa na joto hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo umempora mama feni yake ili video zako zichelewe dakika arobaini zaidi. Shule ulikwenda, daftari unalo, rula unayo. Tatizo ni nini?

Sasa sikiliza. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, iache ipoe. Fungua kipoozeo, bandua hiyo nailoni, futa dawa ya zamani, paka mpya, kisha kaza skrubu kidogo kidogo kwa mshazari ili kikae sawa. Rudisha kasi ya kiwandani kwanza, upime. Ikitulia, panda hatua moja, pima tena, na siku ikipita nyuzi themanini na tano shuka bila kubishana nayo. Na ubavu wa kompyuta ufunge, upepo wa ndani una njia yake.

Lakini mimi na wewe tunajua kwamba hukuniandikia kwa ajili ya prosesa. Anayetaka siri haandiki kwenye ukurasa ambao mwenye feni anausoma kwa sauti kila Ijumaa. Ulikosa mdomo, ukaja kuazima wangu. Haya, nimekuazima, mara hii tu.

Mama, shikamoo. Najua ni wewe unayesoma, na najua chai inapoa. Feni yako ni nzima. Hakuna fundi. Iko chumba cha nyuma, nyuma ya mlango ule ule uliosimama ukasikia upepo. Mkweo hajakuchoka, amekudanganya, akaona aibu, akaongeza uongo mwingine juu yake. Mgombeze, ni haki yako. Mizigo ifungue.

Na wewe, binti, usijifiche ndani ya kikombe. Inuka ukailete. Ibebe mwenyewe, useme "nisamehe, mama" kabla hujaichomeka. Kisha uvue makochi nailoni.

Safu hiyo ilitoka Ijumaa iliyopita. Tumeirudia leo kwa sababu mmepiga simu mno mkiuliza kilichotokea. Mwenye barua ametunakilia ukurasa huu wa daftari lake:

Ijumaa, tarehe 14 Machi. Asubuhi jua kali, upepo kidogo. Mama alisoma mpaka "chai inapoa", akavua miwani, akanisukumia gazeti. "Endelea wewe." Niliendelea mpaka mwisho, pamoja na "hakuna fundi". Nikaenda nikaleta feni, nikaomba msamaha nikiwa nimeikumbatia. Akasema, "Washa. Tugombane tukiwa na upepo." Tuligombana nusu saa, zaidi yeye. Baadaye alinishikia tochi nikafungua kipoozeo. Nailoni ilikuwepo, na imeandikwa kwa wino mwekundu: bandua kabla ya kufunga. Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Prosesa baada ya kupandishwa upya: nyuzi sabini na mbili. Video: saa tatu na dakika tano. Mama anakaa mpaka mwisho wa mwezi. Karatasi ya friji ameibandua yeye, na mahali pake ameibandika ile ya kipoozeo, maandishi yakitazama mezani. Nalala saa tatu na dakika ishirini usiku.