Baba, Nimeuliza Pande Zote Mbili

Baba,

Mimi bado naishi Kitale, kwa kile chumba changu cha juu ya duka la vitambaa, na kazi ni ile ile uliyokuwa ukiicheka. Nazifanyia saikolojia zile programu za kompyuta zinazojibu mtu kwa maandishi kama vile zimezaliwa na mama. Naziuliza maswali tunayouliza binadamu, ya hofu, ya tabia, halafu natazama majibu yanavyogeuka. Siku nilipokueleza ulicheka mpaka ukavua miwani. "Ati mashine? Kwani ilichanganyikiwa lini?" Wewe uliyeuguza wagonjwa wa akili Bungoma mpaka ukastaafu, ukaona mtoto amepotea njia.

Lakini ni wewe ulinifundisha hiyo kazi. "Mtu wa kwetu usimuulize mara moja," ulisema. "Mara ya kwanza anakujibu kwa heshima." Asubuhi wodini unamuuliza mgonjwa: umelala vizuri, eh? Anasema ndiyo, daktari. Mnakunywa chai, mnaongea mambo ya ng'ombe, halafu unamuuliza kutoka upande wa pili: usiku umekusumbua, eh? Akisema ndiyo tena, huandiki lolote kwa faili. Unajua anakufurahisha tu, kwa hivyo unazidi kukaa naye. Nilipeleka hiyo kazini, Baba. Nikiiambia programu naona jambo fulani ni zuri, inakubali. Nikirudi nikasema naona ni baya, inakubali pia, tena kwa maneno matamu. Wenzangu kazini, ambao hata hatujawahi kuonana ana kwa ana, wanayaita maswali ya Mzee. Inaniuma sana kwamba hukuishi kuyasikia hayo.

Sasa nikuambie lililonifanya nikuandikie. Ile Jumapili ya mwisho nyumbani Tongaren nilikukuta umekalia gunia, unapukuchua mahindi kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umeuweka kifuani. Niliuona! Nikauliza, "Baba, uko sawa?" Ukasema, "Niko sawa kabisa, mama," vile ulivyozoea kuniita. Na mimi nikaamini. Mimi ambaye nauliza mashine swali moja mara arobaini, wewe nilikuuliza mara moja, nimesimama, helmeti mkononi, pikipiki ya boda inanguruma pale langoni. Mama alikuwa ameshabandika chai, nikasema nitakunywa siku ingine. Kwetu mtu haondoki hivyo. Wiki mbili baadaye tulikuzika.

Tangu hapo swali ni hilo tu. Ulijua unaumwa ukanificha, ama kweli ulikuwa sawa? Ninalibeba sokoni, ninalibeba kanisani. Na wiki jana nikafanya ujinga. Nilichukua meseji zote ulizowahi kunitumia, pamoja na zile salamu zako ndefu ndefu za kuuliza hata kuku wa jirani, nikaipa programu, nikaiambia ijibu kama wewe. Baba, iliniita mama. Nililia nikashindwa hata kusoma. Nilipotulia nikaandika, "Siku ile ulikuwa sawa, eh?" Ikajibu, "Ndiyo mama, nilikuwa sawa, usijilaumu." Sitakuficha, nilifurahi. Nilipika ugali nikala nikashiba, mara ya kwanza tangu mazishi.

Halafu mkono ukaenda wenyewe, mazoea ya kazi. Nikaanza mazungumzo upya, nikauliza, "Baba, ulikuwa unaumwa ukanificha, eh?" Ikasema, "Ndiyo mama, nisamehe, sikutaka kukusumbua." Upole ule ule. Hata koma zilikaa pale pale unapoziweka wewe. Nikafunga laptopu nikakuita kwa sauti mpaka jirani akaja kubisha mlango. Siilaumu. Ilinipa nilichoomba, mara mbili, na hiyo tabia yake naijua kuliko mtu yeyote. Ni mimi niliyeenda kukutafuta mahali ambapo hupo.

Jana nikaja nyumbani. Mama alikuwa nje anachambua sukuma. Nikavuta kigoda karibu naye nikamuuliza. Hata hakuinua macho. Alisema ulijua tangu wakati wa kupalilia, ati kifua kilikuwa kinakubana, na ukamkataza asinipigie kwa sababu mtoto ana kazi.

"Na kwa nini siku zote hizi hujaniambia?"

"Si leo ndio umeuliza?"

Akaendelea na mboga zake.

Nimekukasirikia, Baba. Wewe wa kukaa na kila mgonjwa mpaka aseme ya moyoni, halafu mtoto wako unamjibu kwa heshima kama mgeni! Nimekukasirikia na ninakutamani, vyote pamoja, na sijui nianze na kipi. Laiti ningerudishiwa ile Jumapili. Ningemwambia yule wa boda aende zake. Nisingekuuliza kitu. Ningeshika hindi nikapukuchua na wewe, kimya, hadi uchoke kunificha.

Zile meseji nimezitoa kwa kompyuta. Zimebaki kwa simu tu, vile ulivyoziandika kwa kidole kimoja. Nakuahidi sitamvalisha mtu wala kitu jina lako tena ili nisikie ninachotaka. Kama kuna la kukuuliza, litakaa bila jibu, na mimi nitakaa nalo.

Asubuhi nimemwona Mama akiinuka kitandani ameshika kiuno, akasimama kwanza akishika ukuta kabla hajapiga hatua. Nimemuuliza. Amesema yuko sawa kabisa.

Nilikuwa nirudi Kitale leo. Nimetoa nguo kwa begi, nimezitundika. Pumzika, Mzee wangu, huyu niachie mimi.

Binti yako,
Nekesa